Mstari wa Pili kwenye Kadi

Mwaka 1958, lokesheni ya Waafrika mjini Kitale ilikuwa na mfereji mmoja tu wa maji. Mfereji huo ulikuwa upande wa juu, karibu na ofisi. Edah aliishi upande wa chini, katika safu ya vyumba iliyoitwa Laini ya Tatu. Kila siku, kabla jua halijachomoza, alijitwika debe tupu na kupanda kilima. Asubuhi za Kitale zina baridi kali. Edah alijifunga leso mbili, moja kiunoni na nyingine mabegani, na bado meno yaligongana.

Hata akiwahi namna gani, alikuta madebe yamemtangulia. Wanawake waliyapanga chini, moja nyuma ya jingine, nao wakasimama kando wakisubiri. Maji yalitoka kama uzi. Binti yake Rasoa, mwenye miaka tisa, alikuja naye akiwa na kopo dogo. Mara nyingi Rasoa alifika shuleni kengele ikiwa imeshalia. Mwalimu alimsimamisha nje ya mlango mpaka hesabu iishe. Kwa hiyo Rasoa hakujua hesabu.

Siku ambazo foleni ilikuwa ndefu mno, wanawake wa Laini ya Tatu walishuka bondeni kwenye kijito. Ng'ombe walikunywa hapo hapo. Edah alijua maji yale si mazuri. Lakini uji haungoji. Mwezi wa tatu mvua zilipoanza, Rasoa alishikwa na tumbo la kuhara damu. Edah alimbeba mgongoni hadi hospitali, mtoto mkubwa kama yule, miguu ikining'inia. Alilazwa siku sita.

Rasoa aliporudi nyumbani, habari njema zilikuwa zimeenea. Baraza la Lokesheni limeamua kuleta mfereji wa pili. Baraza hilo lilikuwa na madiwani tisa, wote wanaume. Madiwani walishauriana na Mzungu msimamizi wa lokesheni juu ya mambo ya maji, taa, usafi na soko.

Vibarua walianza kuchimba mtaro wa kupitishia mabomba. Edah alisimama mlangoni akiutazama ukija. Mtaro ulifika Laini ya Tatu. Haukusimama. Ulipita mbele ya milango yao, ukavuka barabara, ukapanda ng'ambo ya pili hadi kwenye kilabu cha pombe. Hapo vibarua walisimika kigingi.

Edah alikwenda kwa jirani yake, Zulekha. Zulekha alikuwa mjane wa askari polisi. Alifika Kitale akiwa msichana, mwaka ule reli ilipofika, na tangu hapo hakuhama. Alikuwa akikaanga mandazi, kanga kichwani, macho yake yakiwa kwenye karai.

"Mama Zulekha, umeona mtaro?"

"Nimeuona."

"Mfereji wanaupeleka kwa walevi."

Zulekha aligeuza andazi kwa kijiti. "Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Walipokata shauri, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kwenye foleni ya maji."

"Na mimi pia. Basi tusishangae."

Siku hiyo hiyo walikwenda kwa Bwana Wepukhulu, diwani wa Laini ya Tatu. Wepukhulu alikuwa fundi wa baiskeli. Alikuwa mtu wa heshima, na kila Jumapili aliimba kanisani katika sauti ya chini. Aliwapa viti.

"Mama zangu, kilabu kinahitaji maji," alisema. "Vikombe vinaoshwa pale mara moja kwa siku. Watu wataambukizana kifua kikuu. Nyinyi mfereji mnao tayari."

"Bwana Wepukhulu, wewe huchota maji saa ngapi?" Edah aliuliza.

"Mimi? Bibi yangu ndiye huchota." Alisema hivyo bila ubaya wowote, kama mtu anayetaja jina la mtaa wake. "Lakini mbona hamkuja mapema mkasema?"

"Tungemwambia nani?"

"Si diwani wenu?"

"Diwani wetu ni nani?"

"Ni mimi," alisema Wepukhulu. Kisha akakuna shingo. "Ingawa kweli, nyinyi hamkunichagua. Walionichagua ni wenye kadi za vyumba."

Walirudi nyumbani. Bahati ikawa upande wao kidogo, kwa sababu mabomba ya chuma yalikuwa bado hayajafika kutoka Nairobi. Mtaro ulijaa maji ya mvua, na kazi ikasimama.

Kila Jumanne palikuwa na darasa la kushona katika ukumbi wa lokesheni. Aliyefundisha alikuwa Dinah, mfanyakazi wa maendeleo, mwanamke kijana kutoka upande wa Bungoma. Jumanne ile Edah alisubiri wenzake waweke sindano chini.

"Dada Dinah," alisema, "mwaka jana Waafrika walipiga kura. Walichagua wajumbe wao wa kwanza kwenda Baraza la Kutunga Sheria kule Nairobi. Tulisikia hata wanawake fulani walipiga."

"Ni kweli. Wachache, wale waliotimiza masharti. Mimi mwenyewe nilipiga."

"Basi hapa Kitale, sisi wa lokesheni, tumekatazwa?"

Dinah aliweka kitambaa chini. "Sijui," alisema. "Nisikudanganye. Nitakwenda ofisini nisome kanuni zilivyoandikwa. Jumanne ijayo nitawajibu."

Jumanne iliyofuata ukumbi ulijaa. Hata wasiojua kushona walikuja. Dinah alikuwa na karatasi aliyonakili kwa mkono.

"Sikilizeni," alisema. "Hakuna mahali kanuni inaposema mwanamume. Nimesoma mara tatu. Inasema mpiga kura ni mtu mzima ambaye jina lake limo kwenye kadi ya chumba, na amekaa lokesheni miezi sita. Basi."

"Lakini kadi zina majina ya waume zetu," alisema mwanamke mmoja.

"Nani kati yenu amewahi kuisoma kadi yake?"

Hakuna aliyeinua mkono.

"Kadi ina mistari miwili," Dinah aliendelea. "Mstari wa kwanza ni wa mpangaji, yule aliyepewa chumba. Mstari wa pili umeandikwa: mtu mzima mwingine wa nyumba hii. Jina likiandikwa hapo, huyo naye anaingia kwenye orodha ya wapiga kura. Nimepitia kadi za Laini ya Tatu pale ofisini. Kadi karibu zote, mstari wa pili ni mtupu."

"Kwa nini ni mtupu?"

"Kwa sababu hakuna aliyeomba ujazwe. Na mkumbuke tarehe. Uchaguzi wa Baraza la Lokesheni ni mwezi wa sita. Orodha inafungwa tarehe thelathini mwezi huu wa nne. Ikishafungwa, hata ukilia hawaifungui."

Jioni ile Edah alitoa kadi chini ya kitambaa cha meza. Kwenye mstari wa kwanza paliandikwa: Absalom Khaemba. Mstari wa pili ulikuwa mweupe. Edah alisoma maneno polepole, silabi kwa silabi, kama alivyofundishwa katika shule ya misheni alipokuwa msichana. Ilikuwa kama Dinah alivyosema.

Mumewe Absalom alikuwa kuli wa stesheni. Alipakia magunia ya mahindi kwenye mabehewa kutwa nzima. Edah alingoja mpaka alipomaliza kula.

"Baba Rasoa, nataka jina langu liandikwe kwenye kadi."

Absalom alinawa mikono taratibu. "Kadi ni ya chumba. Chumba nilipewa mimi, kwa kazi yangu."

"Hakuna anayekuondoa. Jina lako linabaki juu. Langu liwe chini yake."

"Ili upige kura?"

"Ndiyo. Na kwa sababu nakaa hapa."

"Wenzangu stesheni watacheka, bana. Watasema Khaemba amekaliwa na bibi. Na siku ukinikasirikia, si utanifungia mlango?"

Edah hakupandisha sauti. "Unamkumbuka Nekesa?"

Absalom alimkumbuka. Nekesa alikuwa jirani yao, milango mitatu kutoka kwao. Mumewe alifariki mwaka uliopita kwa homa ya mapafu. Siku ya tisa baada ya mazishi, karani alikuja na kufuli. Alisema mpangaji amekufa, na kadi haina jina la mtu mwingine. Nekesa alitoa vyombo vyake nje, akawaketisha watoto juu yavyo. Chumba kikapewa mtu mwingine siku ile ile.

"Mstari wa pili wa kadi yake ulikuwa mtupu," alisema Edah. "Kama huu."

 Absalom alivua viatu, akalala akiwa ameelekea ukutani.

Siku tatu hakulitaja jambo lile, wala Edah hakulitaja. Siku ya nne, rundo la magunia liliporomoka stesheni na kumvunja mguu kuli mmoja. Absalom alikuwa hatua mbili kutoka pale. Hakumsimulia mkewe. Edah alizipata habari kwa wanawake wa foleni.

Jumamosi asubuhi Absalom alivaa koti lake la kanisani. "Ofisi inafunguliwa saa ngapi?" aliuliza.

"Saa mbili."

"Basi vaa twende."

Ofisini walimkuta karani, kijana aliyeitwa Bramwel. Alikuwa na wino wa rangi ya samawati na kalamu mbili mfukoni. Aliigeuza kadi, akaigeuza tena.

"Mstari huu sijawahi kuujaza," alisema.

"Kalamu yako haina wino?" aliuliza Absalom.

"Wino upo."

"Mstari upo?"

"Upo."

"Na bibi yangu ndiye huyu. Amekaa hapa miaka saba."

Watu waliokuwa nyuma yao walicheka. Mmoja alisema kwa Kibukusu kwamba sasa Khaemba atapika ugali. Absalom aliyasikia. Lakini hakuondoka pale mezani.

Bramwel aliandika. Edah aliinama akatazama. Dinah alikuwa amewaonya kwamba jina kwenye kadi na jina kwenye orodha lazima yafanane.

"Ndugu karani," alisema, "jina langu lina h mwishoni."

Bramwel alichovya kalamu tena, akaongeza h. Kisha akapiga muhuri.

Kuanzia siku hiyo Edah alipita mlango kwa mlango. Alizoea kuongea na wanawake. Sasa ilimbidi aongee na waume zao pia, na Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya nyumbani iliyomfanya aone haya. Mwanamume mmoja alimfukuza. Mwingine alisema atafikiri, naye akafikiri mpaka tarehe ikapita. Lakini wengi, waliposikia habari za Nekesa, waliacha kubisha kama Absalom alivyoacha. Nao walijua ni kweli. Walikuwa wameona vyombo vile nje.

Absalom naye alisaidia kwa namna yake. Stesheni walipomcheka, aliwaambia, "Nikifa leo, bibi yangu halali nje. Wako je?" Hakuongeza neno. Wiki ile makuli sita walikwenda ofisini.

Orodha ilipofungwa, Laini ya Tatu ilikuwa na majina ya wanawake arobaini na sita.

Sasa walihitaji mtu wa kusimama. Hapo kanuni ilikuwa ngumu zaidi. Mgombea lazima awe na jina kwenye mstari wa kwanza. Laini ya Tatu yote ilikuwa na mwanamke mmoja tu wa namna hiyo. Chumba chake Zulekha alikikodi mwenyewe baada ya mumewe kufa, ingawa miaka yote hakuna aliyemwambia kwamba kadi ile inampa kura.

"Mimi?" Zulekha alisema. "Hizi herufi zenu sizijui. Mimi nasoma za Kiarabu."

"Kanuni inasema ujue kusema Kiswahili na kukielewa," alisema Dinah.

Wanawake wote walitabasamu, kwa sababu hakuna aliyekisema Kiswahili pale kama Zulekha.

"Makaratasi nitakusomea mimi," alisema Edah. "Wewe utasema."

Zulekha hakukubali papo hapo. Alikwenda kwanza kwa kaka yake, Mzee Hashim, aliyekuwa akiadhini msikitini. Kuna watu walikuwa wameshamjaza maneno, kwamba si vizuri mwanamke kukaa kikao kimoja na wanaume wageni. Mzee Hashim alimsikiliza dada yake mpaka mwisho. Halafu akasema, "Tunatawadha mara tano kwa siku. Maji hayo yanaletwa na nani? Nenda kaseme. Ukirudi, unieleze walivyojibu."

Watu kumi walitia sahihi karatasi ya kumpendekeza. Edah alitia ya kwanza, akakumbuka h.

Wiki moja kabla ya uchaguzi, wagombea wawili waliitwa ukumbini waongee na watu. Wepukhulu alitangulia. Aliongea vizuri. Alisema nchi inaamka. Alisema siku si nyingi Waafrika watajitawala, na kwa hivyo lokesheni inahitaji madiwani wenye uzoefu. "Mzungu ametuamulia mambo miaka hii yote," alisema. "Anakata shauri kwanza, halafu anatuita kutuambia. Hatutaki tena kuamuliwa bila kuulizwa." Watu walipiga makofi sana. Edah naye alipiga, kwa sababu yalikuwa maneno ya kweli.

Zulekha alisimama. Alikaza kanga yake.

"Bwana Wepukhulu amesema neno zuri," alisema. "Mimi naliunga mkono. Hatutaki kuamuliwa bila kuulizwa. Basi nauliza. Mtaro ulipopita mbele ya milango yetu kwenda kilabuni, ni nani aliyetuuliza?"

Alimgeukia Wepukhulu.

"Simtukani mtu. Bwana Wepukhulu ni jirani mwema, amenitengenezea cherehani yangu. Lakini yeye hachoti maji. Hajui foleni inaanza saa ngapi. Hajui mtoto gani aliugua kwa ajili ya kijito. Hajui kwa sababu hayuko pale. Mkinichagua, nitakuwa pale na nitakuwa kule barazani pia. Hiyo tu ndiyo tofauti yetu."

Aliketi. Makofi yalikuwa machache kuliko ya Wepukhulu. Lakini Edah aliwaona wanaume kadhaa wakitazama sakafu, wakiwaza.

Jioni iliyofuata Dinah aliwakusanya wanawake kwa jambo moja la mwisho.

"Kupata haki ni kitu kimoja," alisema. "Kujua kuitumia ni kingine. Tujaribu."

Alikuwa amechora karatasi ndogo zinazofanana na za uchaguzi. Kila karatasi ilikuwa na picha mbili. Taa ilikuwa alama ya Zulekha. Jembe lilikuwa alama ya Wepukhulu. Kila mwanamke aliingia nyuma ya shuka, akaweka alama kwa penseli, akatumbukiza karatasi kwenye debe. Kisha Dinah akazimwaga mezani na kuzihesabu.

Karatasi kumi na nne zilikuwa zimeharibika.

"Hii ina alama kwenye taa na kwenye jembe," alisema Dinah. "Ni ya nani? Usiogope, tunajifunza."

Mama mmoja mzee aliinua mkono. "Mwanangu, niliona haya kuliacha jembe. Si ndilo hutulisha?"

Walicheka mpaka wakajifuta machozi. Dinah naye alicheka. Kisha akaeleza upya. Weka alama moja tu, kwa mtu mmoja tu. Ukiweka mbili, karatasi haihesabiwi kwa yeyote. Usiandike jina lako, kwa maana kura ni siri. Usimwonyeshe karani, usimwonyeshe mumeo, wala usinionyeshe mimi. Ukikosea, usifute. Irudishe kabla hujaitumbukiza, uombe nyingine.

Walijaribu tena. Zikaharibika nne. Mara ya tatu hapakuwa na hata moja. Ndipo Dinah akawaruhusu kwenda kupika.

Siku ya uchaguzi ilikuwa Jumamosi. Wanawake hawakutaka kuchelewa, wala hawakutaka watoto walale na njaa. Kwa hiyo walijigawa. Kundi la kwanza lilichota maji ya watu wote, huku la pili likipiga kura. Halafu wakabadilishana. Edah alisimama kwenye mstari nyuma ya Absalom. Bramwel alitafuta jina lake kwenye orodha, akaweka kidole juu yake, akasema kwa sauti, "Edah Khaemba." Edah alikuwa hajawahi kuitwa kwa jina lake katika ofisi yoyote. Aliingia nyuma ya pazia. Aliitafuta picha ya taa. Kisha akaweka alama moja.

Saa kumi na moja jioni kura zilihesabiwa mbele ya watu. Wepukhulu alipata hamsini na nane. Zulekha alipata sitini na tano. Karatasi mbili ziliharibika.

Wepukhulu alisimama kitambo akiitazama meza. Ilimuuma, na hakuficha. Halafu alimfuata Zulekha, akampa mkono.

"Hongera, Mama. Sasa utaona. Kule barazani si rahisi."

"Najua," alisema Zulekha. "Nitakuja kukuuliza."

Kweli haikuwa rahisi. Zulekha alikuwa mmoja kati ya tisa. Katika kikao cha kwanza alitaja mfereji, na mwenyekiti akasema jambo hilo lilikwisha. Zulekha alirudi nyumbani amechoka. Alikaa kwenye kibao chake bila kuwasha moto.

"Wanataka ushahidi," alimwambia Edah. "Kusema tu hakutoshi."

"Basi tuwape."

Kwa siku saba Edah na wenzake walihesabu. Walipokezana pale mferejini tangu alfajiri. Edah aliandika kwenye daftari la zamani la Rasoa: watu wangapi, saa ngapi, kutoka laini gani. Walienda na kilabuni wakaona hufunguliwa saa kumi alasiri. Dinah alipata hospitalini idadi ya watoto wa lokesheni waliotibiwa tumbo tangu mvua zianze. Zulekha hakuweza kuisoma karatasi ile, kwa hiyo Edah alimsomea mpaka akaikariri yote. Zulekha alimtembelea hata Wepukhulu, kama alivyosema. Wepukhulu alimweleza ni madiwani gani wanaosikiliza hesabu, na ni wepi wanaosikiliza heshima. Halafu akaongeza, "Vikombe bado vinahitaji kuoshwa, Mama. Usilisahau hilo."

Zulekha hakulisahau. Katika kikao cha pili alisema mfereji usimikwe kati ya Laini ya Tatu na ya Nne, mahali ambapo mtaro ulikuwa tayari unapita. Kilabu kipewe pipa lenye kifuniko, lijazwe kutoka hapo kila siku kabla hakijafunguliwa. Alitaja hesabu moja baada ya nyingine, bila karatasi mkononi. Watu wanne waliunga mkono. Kwa kura yake wakawa watano. Wanne walikataa.

Mabomba yalifika mwezi wa nane. Mwezi wa tisa maji yalitoka. Siku hiyo Edah alichota debe lake, akaliweka mlangoni, akatazama saa ya jirani. Alikuwa ametumia dakika kumi. Alisimama pale na hakujua la kufanya na asubuhi yote iliyobaki. Rasoa alikwenda shuleni, akafika kabla ya kengele. Mpaka mwisho wa mwaka, katika Laini ya Tatu yote, mtoto mmoja tu alipelekwa hospitali kwa ajili ya tumbo. Na hakuna aliyeshuka tena kijitoni isipokuwa kufua mablanketi.

Mwezi wa kumi na mbili Edah na Rasoa walikwenda nyumbani Kamukuywa kwa mapumziko. Mama mkwe wake, Nakhungu, alikuwa ameshasikia. Habari hutembea na treni. Jumapili baada ya ibada alimshika mkono, akampeleka kwa wanawake waliokuwa wameketi nyasini nje ya kanisa. Walikuwa kama ishirini.

"Huyu ndiye mkaza mwana wangu," alisema Nakhungu. "Muulizeni."

Walimuuliza mengi. Mama yule Mwislamu kweli anakaa na wanaume mezani? Wanamsikiliza? Waume zenu hawakuwapiga? Edah alijibu kila swali kadiri alivyojua. Hakuficha yule mwanamume aliyemfukuza, wala zile karatasi kumi na nne. Halafu mwanamke mmoja akasema, "Sisi hapa hatuna kadi za vyumba. Na lokesheni yetu si mtaa wa mjini, ni eneo la chifu huku mashambani, na baraza letu ni la hapa. Kanuni zetu labda ni zingine."

"Labda," alisema Edah. "Mimi sizijui. Kuna mtu hapa amezisoma?"

Wanawake walitazamana.

"Zinakaa wapi hizo kanuni?" aliuliza Nakhungu.

"Kwa kawaida, kwa karani wa chifu."

Nakhungu alikuwa na miaka sitini na zaidi, na magoti yake yalimsumbua. Aliegemea bega la Edah, akainuka. Alikung'uta nyasi kwenye nguo yake.

"Karani huyo anafungua Jumatatu," alisema. "Kesho ni Jumatatu. Nani anayejua kusoma anisindikize?"

Mikono mitatu iliinuka. Kisha ikainuka ya nne.